Ziba uvungu kabla ya kununua gunia jingine la mkaa

Kuanzia Juni mpaka Agosti, mtu wa Tukuyu, wilayani Rungwe, anayeishi kwenye nyumba ya sakafu ya mbao ananunua mkaa mara mbili: wa kupikia na wa kuota. Jiko linawekwa sebuleni, watoto wanalizunguka, na bado miguu inaganda. Ukimuuliza atakwambia ndiyo baridi ya huku. Mimi ni seremala, kazi yangu kubwa ni sakafu na kenchi, na nikiitwa kwenye nyumba ya namna hiyo naanzia chini, uvunguni, yaani ile nafasi kati ya ardhi na sakafu. Mara nyingi nakuta jambo lile lile: udongo chini ya sakafu umelowa mwaka mzima, matundu ya msingi yanaingiza ukungu, na mbao zimenyonya maji. Mkaa unaoungua juu unafanya kazi ya kukausha kilichoko chini.

Nazungumzia nyumba zilizoinuliwa. Msingi wa mawe au matofali ya kuchoma unapanda futi mbili au tatu, upande wa bondeni hata zaidi, juu yake zinalala boriti, na juu ya boriti mbao za sakafu. Kuna nyumba za misheni na za mashamba ya chai zilizojengwa hivyo zamani, na siku hizi wapo wanaojenga upya kwa mtindo huo kwa sababu mbao za Mafinga zinapatikana na viwanja vyetu ni vya mteremko. Ni nyumba nzuri. Naipenda sakafu ya mbao kuliko ya saruji. Ila inataka uvungu mkavu, na hilo watu wengi hawaambiwi.

Hesabu yake iko hivi. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji joto la megajuli 2.4 hivi. Kilo moja ya mkaa mzuri ina megajuli 29 hivi. Maana yake lita 12 za maji zinazokauka zinakula joto la kilo nzima ya mkaa, hata kama jiko lako halipotezi chochote, na hakuna jiko la hivyo. Halafu mbao iliyolowa inapitisha baridi upesi kuliko mbao kavu. Kwa hiyo unyevu unakudai kwa njia mbili.

Jua kwanza maji yanatoka wapi

Mwalimu mmoja mstaafu, upande wa Masoko, aliniita baada ya kubadilisha sakafu yote. Mbao mpya, pesa imetoka, na bado haijapita masika moja kila ubao umejipinda, kingo mbili zimeinuka na katikati pamezama. Ukipitisha kiganja juu yake unahisi mawimbi.

"Mwanangu, huyu fundi wa kwanza aliniuzia mbao mbichi?"

"Mwalimu, sidhani. Naomba nishuke chini kwanza."

Ubao unaojipinda kingo juu unakueleza kwamba tumbo lake limelowa na mgongo ni mkavu. Upande wa chini umevimba, wa juu haukuvimba, basi kingo zinanyanyuka. Kama ubao ungekuwa mbichi tu, ungepungua na kuacha nyufa, usingeinuka hivyo wote kwa pamoja. Chini kwa Mwalimu udongo ulikuwa mweusi, unang'aa kwenye tochi, na vichwa vya misumari vilivyochomoza chini ya sakafu vilikuwa na tone la maji kila kimoja.

Kipimo cha bei rahisi ni hiki. Kata kipande cha nailoni cha mita moja kwa mita moja, kitandaze juu ya udongo wa uvunguni, gandamiza kingo zote kwa mawe au mchanga, kiache mpaka kesho yake. Ukikuta matone chini ya nailoni, maji yanapanda kutoka ardhini. Ukikuta matone juu yake, maji yanaletwa na hewa inayoingia kupitia matundu. Huku Rungwe utakuta yote mawili, na ukifanya mwezi wa tatu utakuta na kijito kinachopita pembeni. Hicho kijito ni maji ya aina ya tatu, ya mvua, na ndicho cha kushughulikia kwanza. Ukitandika nailoni juu ya udongo unaopitiwa na maji umetengeneza bwawa.

Kabla hujaingia

Hapa naomba usiruke hata mstari.

Ardhi yetu ni ya volkano. Upande wa Busokelo, kuzunguka mlima Kyejo, hewa ya ukaa inatoka ardhini yenyewe, kwa wingi wa kutosha kuvunwa na kujazwa kwenye mitungi kwa ajili ya viwanda vya soda. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatulia mabondeni na mashimoni, na uvungu ni shimo. Haina rangi wala harufu. Kama unakaa upande huo, au wazee wa kijiji wanajua sehemu ambako ndege na wadudu huonekana wamekufa bila sababu, usizibe matundu ya msingi kabisa. Fanya kazi ya maji na nailoni, matundu yaache wazi. Na usitegemee mshumaa kama kipimo, maana mtu anaweza kudhurika na gesi hiyo kabla mshumaa haujazimika.

Popote ulipo, fungua uvungu na uuache upigwe na hewa kwa saa kadhaa, mchana. Mtu wa pili abaki mlangoni, na asiingie kukufuata ukinyamaza, aite watu. Ukisikia kichwa kizito au pumzi inakwenda mbio bila kazi, toka. Zima umeme kwenye swichi kuu, kwa sababu nyaya za zamani zimepita chini ya sakafu na panya wamezivua ngozi. Vaa gambuti, glavu za mpira, barakoa, nguo ya mikono mirefu. Piga piga kwa fimbo ndefu mbele yako kabla ya kutambaa, nyoka wanapenda pakavu penye panya. Mtungi wa gesi ya kupikia usiuhifadhi uvunguni kamwe. Gesi ya mtungi nayo ni nzito, ikivuja inalala chini ikisubiri cheche.

Maji ya mvua kwanza

Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Basi bati la mita za mraba 100 linamwaga lita 200,000 kila mwaka pembeni ya msingi wako. Ukielewa namba hiyo utaelewa kwa nini nafunga gata kabla sijagusa kitu chochote uvunguni.

Gata zizunguke pande zote zinazomwaga maji, zikiwa na mteremko mdogo kuelekea kwenye bomba la kushushia. Bomba lisiishie kwenye kona ya nyumba. Liendeleze kwa PVC ya inchi 4 mpaka mita tatu au zaidi kutoka ukutani, au lipeleke kwenye simtanki, halafu simtanki likijaa, maji ya ziada yawe na njia yake ya kwenda bondeni.

Udongo unaozunguka nyumba ushuke. Kipimo ninachotumia ni sentimita 15 ndani ya mita tatu za kwanza, kila upande. Kamba, vigingi viwili na pimamaji vinatosha kupima. Upande wa mlimani, ambako ardhi inashuka kuja kwenye nyumba, chimba mtaro wa kukinga, mita mbili au tatu kutoka msingini, uzunguke nyumba na kutokea bondeni. Kina kiende chini kuliko udongo wa uvunguni. Sakafuni mwa mtaro laza bomba lenye matundu, jaza kokoto juu yake, na juu ya kokoto weka kitambaa cha kuchuja ili udongo usizibe. Tumia kokoto za lile jiwe jeusi gumu. Yale mawe mepesi ya volkano yanayoelea majini ni rahisi kubeba, lakini yananyonya maji na kuyatunza, na wewe unataka yapite.

Halafu migomba. Najua ninamwambia nani. Mgomba mlangoni kwetu ni heshima ya nyumba, na kuna mama hatakubali uuguse. Lakini mgomba uliosogea mpaka ukutani unazuia jua, unazuia upepo, majani yake yanamwaga maji msingini, na shina linakusanya unyevu. Mita tatu kutoka ukutani ndizo ninazoomba. Kwa Mwalimu tulihamisha machipukizi, mashina ya zamani tukayaacha mpaka yakatoa ndizi zake, kisha yakakatwa. Ilichukua muda kuliko kazi nyingine yoyote pale, na ilistahili.

Mchwa na mbao zilizooza

Ukiwa uvunguni na tochi ya kichwani, chukua bisibisi na uchome kila boriti, hasa vichwa vyake pale vinapoingia ukutani. Mbao nzima inakataa. Mbao iliyooza inapokea bisibisi kama keki, na ikizama nusu sentimita bila nguvu, hapo pana kazi. Kama unaweza kuazima mita ya unyevu wa mbao, tafuta namba iliyo chini ya asilimia 20. Kuvu wa kuozesha hawaendelei kwenye mbao kavu kiasi hicho.

Boriti iliyooza kichwa tu haihitaji kutolewa yote. Shikilia sakafu kwa jeki na nguzo ya muda, kata sehemu mbovu mpaka ufike kwenye mbao nzima, kisha pachika pembeni yake boriti mpya ya inchi 2 kwa 6, ndefu ya kutosha, uzibane pamoja kwa bolti, misumari pekee haitoshi. Kichwa kipya kikiingia ukutani, weka kipande cha DPC, ule utando wa kuzuia unyevu usipande, kati yake na tofali, na acha nafasi ya hewa pembeni. Tofali ni mnywaji, na mbao iliyokaa moja kwa moja juu yake itaoza tena.

Mbao mpya iwe imetiwa dawa, ile yenye ukijani. Vipande vinavyobaki usivichome jikoni wala kuvipa majirani wakavipikie. Dawa ya kijani kwa kawaida ina aseniki, na moshi na majivu yake ni sumu. Vifukie mbali na maji.

Mchwa utawajua kwa mirija ya udongo inayopanda ukutani kutoka chini, upana wa penseli au zaidi. Vunja mrija kipande, rudi baada ya siku chache. Ukikuta umejengwa upya, wako hai, na inabidi umalize habari yao kwa dawa ya udongo kabla ya kutandika nailoni. Baada ya kutandika hutaufikia tena udongo.

Nailoni

Hii ndiyo sehemu ambayo watu wanataka kubana pesa, na hapa ndipo pa kutobana. Nunua nailoni ya geji 1000, ambayo unene wake ni robo milimita. Nailoni ya viriba vya miche inachanika ukiitambalia mara moja. Turubai la viroba vilivyoshonwa nalo halifai, limefumwa, na mvuke unapita kwenye mfumo wake. Nimelikuta limetandikwa na watu wazuri kabisa walioambiwa ni sawa.

Safisha udongo kwanza. Toa mawe makali, mizizi, vipande vya matofali, na hasa mabaki yote ya mbao ambayo mafundi wa zamani waliyaacha, maana hayo ndiyo chakula cha kwanza cha mchwa. Sawazisha kwa reki.

Kadiria hivi. Nyumba ya mita 8 kwa 10, roli ambalo likikunjuliwa lina upana wa mita 4. Utataka vipande vilale kwa urefu wa mita 10, kila kimoja kimlalie mwenzake kwa sentimita 30, na kingo zote zipande ukutani sentimita 30. Vipande viwili vinakupa upana wa mita 7.7, na wewe unahitaji 8.6. Kwa hiyo ni vipande vitatu, kila kimoja mita 10.6, jumla karibu mita 32 za roli. Ongeza kidogo kwa ajili ya kuzungushia nguzo za matofali za katikati.

Anza kutandika upande wa bondeni, uje ukipanda, ili kipande cha juu kilalie cha chini kama bati linavyolaliana. Siku bomba likivuja jikoni, maji yatashuka juu ya nailoni badala ya kuingia chini yake. Maungio yafute mpaka yakauke, kisha yabandike kwa tepu ya lami ile ya kuzibia bati. Solatepu ya kahawia ya maboksi inaachia ikipata unyevu. Ukutani, paka lami, gandamiza nailoni juu yake, kisha ibane kwa ubao mwembamba na misumari ya zege. Ukingo wa juu wa nailoni uishie angalau sentimita 10 chini ya mbao ya kwanza. Huo ukanda wa ukuta uliobaki wazi ni wa macho yako: mchwa akipanda lazima avuke pale, na utauona mrija wake. Ukifunika ukuta mpaka juu, atapanda kwa siri.

Nguzo za katikati zivishe nailoni kiunoni, bandika vizuri. Kisha ondoka uvunguni ukirudi kinyumenyume, ukikagua kila tundu ulilolitoboa kwa goti.

Matundu: kuziba au kuacha

Mafundi wazee wanasema msingi lazima upumue. Nawaheshimu, na kwa nyumba isiyo na nailoni walikuwa sahihi. Lakini asubuhi ya Machi, ukungu umeshuka mpaka kwenye majani ya chai, hewa ya nje imejaa maji tayari. Hewa hiyo haikaushi kitu. Inaingia, inagusa msumari wa baridi, inaacha tone.

Na usiku wa Julai kuna habari nyingine. Ardhi kwa ndani hukaa karibu na wastani wa joto la mwaka mzima, kwa hiyo usiku huo ardhi ni ya joto kuliko hewa ya nje. Matundu yakiwa wazi, sakafu yako inapulizwa na upepo wa usiku. Yakifungwa, inakaa juu ya uvungu uliotulia unaopata joto kidogo kutoka ardhini. Hapo ndipo mkaa unapookolewa, na ndiyo sababu kazi hii yote ina maana.

Msimamo wangu ni huu. Kwa Tukuyu na Kiwira, mbali na zile sehemu zenye gesi ya ardhini nilizozitaja, ukishatandika nailoni na mbao zikawa kavu, funga matundu kwa vifuniko vya mbao vyenye mpira pembeni, lakini acha mawili yanayotazamana yawe ya kufungua na kufunga. Siku kavu yenye jua yafungue saa sita mchana, yafunge saa kumi. Kwa Iringa mjini, ambako mvua ni kidogo na kiangazi hewa ni kavu kweli, nailoni pekee inatosha karibu mwaka mzima. Matundu yawe na vifuniko vya kufungua, ufunge jioni za baridi tu. Njombe na Makete wafanye kama Tukuyu. Matundu yanayobaki yawekewe wavu wa chuma wenye vijitundu vidogo kuliko milimita 6, panya mchanga anapita kwenye kubwa kuliko hapo.

Kuna kipima unyevu wa hewa cha bei nafuu kinachouzwa na saa za ukutani. Kiache uvunguni. Kikikaa chini ya asilimia 70, uko salama. Kikizidi 80 kwa wiki nzima, ukungu wa mbao utaanza, na ujue kuna maji yanaingia mahali.

Huko Marekani, majimbo ya kusini-mashariki, uvungu wa namna hii ni wa kawaida na wanauziba kwa sababu ya joto. Hewa ya kiangazi chao ni moto na imejaa maji. Ikiingia uvunguni inakutana na sakafu iliyopozwa na kiyoyozi na kugeuka matone. Katika majaribio ya Princeville, North Carolina, mwanzoni mwa miaka ya 2000, nyumba zilizozibwa zilitumia nishati pungufu kwa asilimia 15 au zaidi. Nawataja kwa ajili ya ndugu zetu wa Kyela na Matema, wenye nyumba za wageni zilizoinuliwa juu ya nguzo au msingi karibu na Ziwa Nyasa. Kiyoyozi hakipozi hewa tu, kinatoa maji hewani, na kila lita kinayoitoa inalipiwa kwenye luku. Kwenu fuateni hatua zile zile, ila matundu msiyafungue mchana.

Nyufa za sakafu, na jiko

Ukimaliza chini, panda juu. Subiri mbao zikauke kwanza; huku inaweza kuchukua kiangazi kizima, na sakafu ya Mwalimu nyingi ilinyooka yenyewe bila randa. Nyufa pana zijaze kwa vijiti vyembamba vya mbao ile ile, vilivyopakwa gundi upande mmoja tu ili ubao uweze kucheza. Pembeni, pale sakafu inapokutana na ukuta, piga sketi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta, na silikoni. Watu wa Mafinga, ambako maranda ni bure, hushawishika kuyashindilia katikati ya boriti ili kuzuia baridi. Msifanye. Maranda yanatunza maji, na mchwa anayapenda.

Sasa jiko. Nyumba yenye sakafu ya nyufa ilikuwa inakuua kwa baridi na kukuokoa kwa upepo. Mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, inayomchukua mtu usingizini. Ukishaziba sakafu, ule upepo haupo tena. Jiko la mkaa lisilale ndani ya nyumba, lisiingie chumba cha kulala hata kwa dakika za kupasha, hata kama makaa yamefunikwa majivu. Naandika hili nikiwa nimeshazika ndugu. Kama unahitaji moto, jenga dohani la matofali linalotoa moshi juu ya paa, au ota nje jikoni kisha uingie kulala kwenye nyumba iliyo kavu, blanketi linatosha.

Nyumba za saruji

Wengi wenu mna jamvi la zege na hamna uvungu. Kanuni za maji ya mvua ni zile zile. Kwa anayejenga sasa: nailoni ya geji 1000 chini ya jamvi, juu ya mchanga laini, na DPC juu ya ukuta wa msingi, sentimita 15 angalau juu ya usawa wa ardhi, mbili ziungane. Kwa nyumba iliyokwisha jengwa na ukuta unatoa chumvi nyeupe chini, usipige plasta ya saruji juu yake. Unyevu utapanda tu ukatokee juu ya plasta. Punguza udongo uliorundikana nje ya ukuta, shusha maji mbali, acha ukuta ukauke.

Wakati wa kazi na ukaguzi

Anza Agosti, umalize kabla ya Novemba. Baada ya mvua kubwa ya kwanza, ingia na tochi. Maji juu ya nailoni karibu na ukuta wa mlimani maana yake mtaro wa kukinga haujashuka vya kutosha. Maji katikati, chini ya jikoni au bafu, ni bomba. Nailoni iliyovimba kama tumbo ina maji chini yake. Itoboe mahali pa chini kabisa, yaache yatoke, tafuta njia yaliyoingilia, kisha bandika kiraka.

Mlango wa uvungu uwe wa sentimita 60 kwa 60, mtu mzima apite na begi la vifaa, uwe na mpira pembeni na kufuli kwa ajili ya watoto. Ufunguo wake mpe mtu mwingine wa nyumbani pia, na mwonyeshe mchwa anavyoonekana ukutani.